Mjukuu wa Lindi na kitabu chake cha dinosaria

Swali: "Mwanangu, mimi ni bibi, naishi Mikumbi hapa Lindi mjini. Nalea mjukuu wa miaka sita, yuko darasa la kwanza. Mjomba wake alimletea kutoka Dar kitabu cha picha cha filamu ya dinosaria, ile aliyoiona kwenye simu akaipenda mno. Kitabu ni cha Kiingereza nami Kiingereza sikijui, lakini kila usiku lazima tukifungue, namsimulia kwa kutazama picha. Mwalimu wake kaniambia vitabu vya filamu havimfundishi mtoto kusoma, nimwondolee, nimtafutie vya maana. Na chenyewe kimeshaanza kuachia kurasa. Nifanyeje? Na hivyo vya maana nitavijuaje? Nakutumia picha ya ukurasa mmoja ukione."

Shikamoo bibi. Nianze na lile lililokutia wasiwasi: kitabu usimwondolee.

Nasema hivyo nikiwa na deni moyoni. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha darasa la kwanza huku Mtwara, nilimnyang'anya mtoto kitabu cha namna hiyohiyo. Alikuwa akikifungua chini ya dawati wakati wenzake wanaimba ba be bi bo bu. Nikakifungia kabatini hadi Ijumaa. Nilipomrudishia alikipokea kwa mikono miwili, akakitia kwenye mfuko wa madaftari, na mwaka ule wote sikumwona tena akifungua kitabu kwa hiari yake. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kupenda kitabu ni kosa. Baadaye niliacha chaki nikaingia kwenye uhariri wa vitabu vya watoto, na mpaka leo kila mswada unaofika mezani kwangu nausoma kama vile mtoto yule amekaa mbele yangu.

Hata hivyo mwalimu wa mjukuu wako hakukosea kabisa. Filamu ya katuni huchukua kama saa moja na nusu, na kila sekunde zinapita picha 24. Ukipiga hesabu zinafika picha 129,600, zote zimetengenezwa ili moja ivute nyingine, na juu yake kuna sauti na muziki. Anayetengeneza kitabu cha filamu huchukua picha ishirini au thelathini tu katika hizo, akazipanga kwenye kurasa 24 au 32, kisha mwandishi akapewa mistari mitatu minne chini ya kila picha aeleze yote yaliyobaki. Mara nyingi mwandishi huyo hufanya kazi filamu yenyewe haijakamilika, anafuata skripti, kwa sababu kitabu lazima kiwe dukani siku filamu inapotoka. Kinachopatikana ni muhtasari wenye picha.

Nimeutazama ule ukurasa ulionitumia. Dinosaria amefungua kinywa, nyuma yake moshi, mtoto wa kiume anatimua mbio. Chini kuna mistari minne. Mistari hiyo inataja watu watatu wasiokuwamo kwenye picha, inasema jana yake walitoroka maabara, halafu inamalizia kwa kusema sasa wako hatarini. Aliyeiona filamu anajua maabara gani. Asiyeiona ameachwa njiani. Na hilo la hatari, picha ilikwisha kulisema kwa sauti kubwa kabla maneno hayajafika. Kwa hiyo maneno ya kitabu hiki yanafanya kazi mbili mbovu: kutaja yasiyoonekana na kurudia yanayoonekana.

Kitabu cha picha hasa kinafanya kinyume, na hapa naomba univumilie kidogo, maana hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika kazi yangu. Kipo kitabu kinaitwa Handa's Surprise, cha Eileen Browne, kilitoka Uingereza mwaka 1994, lakini hadithi yake ni ya Kenya, kwa Waluo. Msichana Handa anajitwika kikapu cha matunda saba ampelekee rafiki yake Akeyo. Njia nzima anajiuliza moyoni, sijui Akeyo atapenda lipi. Maneno yanasema hayo tu. Lakini ukitazama picha, juu ya kichwa chake tumbili anachomoa ndizi, mbuni anadokoa pera, pundamilia anajitwalia chungwa, tembo anakunja mkonga kwenye embe, na Handa hana habari, anatembea tu. Nimewasimulia hadithi hiyo kwa Kiswahili watoto wa shule ya awali waliokaa mkekani, zaidi ya mara moja, na sijawahi kumaliza habari ya tembo kabla hawajaanza kunipigia kelele: "Mwalimu, mwambie! Mwambie anaibiwa!" Wengine husimama kabisa. Mwishoni mbuzi aliyekata kamba anaparamia mti wa machenza, machenza yanaporomokea kikapuni, na Handa anafika kwa Akeyo na mzigo ambao hakuondoka nao. Anashangaa yeye peke yake. Watoto wanajua yote.

Mtoto akishajua jambo ambalo maneno hayakulisema, ameanza kusoma. Anashika mawili kwa wakati mmoja, linalosemwa na linalotendeka, na kati ya hayo mawili anatunga maana mwenyewe. Silabi atazipata shuleni, mwalimu wake atamfundisha vizuri. Hili la kutunga maana ndilo linaloanzia kwenye mapaja yako.

Uliuliza utavijuaje vya maana. Ukiwa dukani, funika maneno kwa kiganja, pitia picha tupu toka mwanzo hadi mwisho. Ukiona unaweza kubuni kisa, au angalau umejikuta unajiuliza kitafuata nini, mchoraji amefanya kazi yake. Halafu mwombe muuza duka akusomee kurasa mbili tatu bila wewe kutazama. Kama hukupungukiwa na kitu, picha zile ni pambo tu, na kitabu kinaweza kungoja. Tazama na jalada: jina la mchoraji lipo? Kitabu ambacho mchoraji amehesabiwa kuwa ni mwandishi mwenza huliweka jina lake mbele. Vingi vya filamu havina, kwa sababu picha ni mali ya kampuni. Sisemi kila kisicho na jina ni kibaya, lakini mimi ndiko macho yangu yanakoanzia.

Jambo moja la kuangalia ni kipi kilitangulia. Zipo filamu zilizozaliwa na kitabu. Zimwi la The Gruffalo, kwa mfano, lilianzia kitabuni mwaka 1999, kimeandikwa na Julia Donaldson, michoro ya Axel Scheffler, na filamu ilikuja miaka kumi baadaye. Kwa hadithi ya aina hiyo tafuta kitabu cha mwanzo chenyewe, usichukue kile kilichotolewa upya kwa picha za filamu. Mara nyingi vinakaa rafu moja na majina yanafanana, na kile cha filamu ndicho kinachong'aa zaidi.

Sasa turudi kwa mjukuu, maana kitabu unacho tayari na unakifanyia kazi kubwa kuliko unavyodhani. Unakumbuka mabanda ya video, filamu ya Kichina inapita na mtu mmoja anaisimulia kwa Kiswahili juu yake? Watu walikuwa wakifuata msimuliaji kuliko filamu. Wewe ndiye msimuliaji wa kitabu hicho. Ule muhtasari uliokauka, wewe unaurudishia maji. Na kwa kuwa Kiingereza hukijui, hufungwi na ile mistari minne mibovu. Mwalimu wake akijua kwamba usiku unamsimulia hivyo, nadhani maneno yake yatabadilika. Mweleze.

Ninachokuomba uongeze ni kumwachia nafasi. Ukifungua ukurasa, kaa kimya kidogo. Muulize huyu anaangalia nini, huyu ametoka wapi, na huku pembeni kuna nini. Akijibu kwa neno moja, wewe lipanue: akisema "anakimbia", mwambie kweli, anatimua mbio, amechomoka kama mshale. Hayo ndiyo maneno atakayokutana nayo kwenye vitabu vya darasa la tatu na la nne, na atayakuta ameyazoea. Usiku mwingine mpe kitabu akusimulie yeye, wewe uwe unaitikia. Ukianza kwa Paukwa, naye akajibu Pakawa, atajua kwamba hiki nacho ni ngano kama zile za sungura na fisi.

Usimlazimishe kusoma maneno ya Kiingereza kwa silabi za Kiswahili. Kwetu herufi ni mwaminifu, "a" ni "a" kila mahali. Kwa Kiingereza sivyo, na mtoto aliye katikati ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, atadhani amekosea yeye. Badala yake kata vipande vidogo vya karatasi, andika kwa herufi kubwa neno moja moja la Kiswahili, JINO, MGUU, YAI, MOTO, MOSHI, kisha mpe aviweke mwenyewe mahali pake kwenye picha. Nimeona mtoto aliyekuwa akikwama kwenye "mo" akasoma MOSHI bila kusaidiwa kwa sababu moshi wenyewe ulikuwa mbele yake.

Na sasa nifike kwenye sababu hasa iliyonifanya nifurahi kupata swali lako. Mjukuu wako anadhani dinosaria ni viumbe wa filamu, wa ng'ambo. Mwambie ajue amezaliwa mkoa gani.

Kama kilomita 60 kutoka hapo Lindi mjini, kuelekea kaskazini magharibi, kipo kilima cha Tendaguru. Mwaka 1907 habari za mifupa mikubwa iliyokuwa ikichomoza ardhini huko ziliwafikia Wajerumani kupitia mhandisi mmoja wa madini. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 wataalamu kutoka Berlin walichimba pale, lakini majembe na sururu yalikuwa mikononi mwa watu wa kusini, mamia yao. Msimamizi wao mkuu, aliyesifika kwa ustadi wa kuitoa mifupa bila kuivunja, aliitwa Boheti bin Amrani. Mwambie mtoto jina hilo, alishike. Mifupa ilifungwa vizuri, ikatwaliwa vichwani na mabegani, wapagazi wakatembea nayo siku kadhaa hadi bandarini Lindi, bandari hiyohiyo anayoiona, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200. Na vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu, njaa yake watu walikuwa bado wanaikumbuka.

Mkubwa kuliko wote aliunganishwa mifupa yake kwenye jumba la makumbusho la Berlin na kuonyeshwa mwaka 1937. Yuko pale mpaka leo. Wataalamu humwita Giraffatitan, yaani jitu la twiga, kwa shingo yake. Sisi tumezoea kumwita mjusi wa Tendaguru. Kimo chake ni mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria duniani kilichosimamishwa kikawa kirefu kwenda juu kuliko hicho. Mtoto hawezi kushika mita kumi na tatu kichwani. Kwa hiyo chukua kamba, pima mita moja mara kumi na tatu, mpe mwisho mmoja, atembee nayo uani mpaka inyooke. Kisha msimamishe chini ya mnazi mrefu, mwambie kichwa cha mnyama yule kilikuwa kule kwenye makuti.

Halafu kirudieni kitabu, mtakiona kwa macho mengine. Yule mwenye meno makubwa na mikono mifupi, ambaye kila filamu humpa ubabe, aliishi Marekani ya Kaskazini kiasi cha miaka milioni 66 hadi 68 iliyopita. Wa Tendaguru aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Hawakuonana hata siku moja. Ukipima kwa miaka, yule wa meno yuko karibu zaidi nawe na mjukuu wako kuliko alivyo karibu na huyu wa kwetu. Filamu zinawaweka wote pori moja kwa sababu zinanoga hivyo, na hakuna ubaya, ila mtoto wa Lindi ana haki ya kujua. Na kama kitabuni yumo yule mwenye mabamba na miiba mgongoni, muonyeshe: ndugu yake, Kentrosaurus, mifupa yake nayo ilitoka Tendaguru.

Unaona, bibi, kitabu kibovu cha filamu kimewafikisha wapi? Kingekuwa kimetupwa, maswali haya yasingekuwapo. Ningetamani sana siku moja tuwe na kitabu cha picha cha Kiswahili cha Tendaguru, chenye kurasa 32, ambacho maneno yake yanasema habari za mnyama na picha zake zinawaonyesha wapagazi. Nimekuwa nikilisema hili kwenye vikao kwa miaka.

Na kusini si mifupa tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha ile michoro ya wanyama wenye rangi kali na madoadoa, alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, huko ukishapita Masasi. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya vibao, akafariki mwaka 1972. Mwaka 2010 Waingereza walianza kuonyesha katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wake, Tinga Tinga Tales, na vikatoka vitabu vyake vya picha. Hivyo navyo ni vya filamu, lakini kwa maoni yangu vinasimama vizuri kuliko vingi, kwa kuwa mchoro wa Tingatinga ulizaliwa ukiwa umetulia ubaoni. Haukutegemea kwenda. Unaweza kuutazama dakika nzima na bado kukawa na kijidudu pembeni ulichokuwa hujakiona.

Vya kununua: pesa ya korosho ikiingia, agiza kwa mjomba huyohuyo, maana Dar kuna chaguo zaidi. Mwambie atafute vya Kiswahili, atazame vya wachapishaji Mkuki na Nyota, au vilivyopitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao ulianza mwaka 1991 na umesaidia kutoa hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili. Kwa wakati huu, kijana yeyote mwenye simu anaweza kukufungulia tovuti ya African Storybook. Ina hadithi za picha za bure, nyingi ziko kwa Kiswahili, na inaruhusiwa kuzichapa kwenye duka la stesheneri. Mjukuu akitaka cha kutazama, kuna katuni za Akili and Me zilizotengenezwa hapahapa Tanzania, na Kiswahili chake ni cha kwetu. Usinunue kumi kwa mpigo. Viwili vinavyorudiwa vinatosha msimu mzima, na kile cha dinosaria kikae navyo rafu moja, kisishushwe cheo.

Kuhusu kurasa kuachia: vitabu vingi vya aina hii vimeshikwa na gundi peke yake mgongoni. Kishone. Kabla hujaanza, kata karatasi nyeupe nane za kipimo cha kitabu uziweke mwishoni, ndani ya jalada. Panga kurasa zote zikae sawa, zibane kwa vibanio vya nguo. Weka kipande cha ubao chini, na kwa msumari mwembamba toboa matundu matano kufuata mgongo, nusu sentimita kutoka ukingoni. Pitisha uzi wa nailoni, ule wa nyavu, kwenda na kurudi, fundo ulifunge upande wa nyuma. Mgongoni bandika kipande cha kanga kuukuu kwa gundi nyeupe ya seremala, weka kitu kizito juu, kilale hivyo mpaka asubuhi. Mjukuu akushikie vibanio.

Zile karatasi nane ni za Tendaguru. Usimchoree wewe. Mwachie achore mwenyewe, wapagazi, meli, mnazi, lolote, kisha muulize huyu nani na anakwenda wapi, na anavyojibu uandike chini ya mchoro, vilevile alivyosema, kwa herufi kubwa.